Maana ya Dainamaiti

Kwa miaka mingi Mwinyikondo alipasua miamba kwa dainamaiti katika machimbo ya kokoto nje ya mji. Alipooa, akampa mkewe Zamaradi jina la utani la Dainamaiti, naye Zamaradi hakulipenda.

"Kumbe mimi kwako ni kitu cha kuwasha na kukimbia," alimwambia. Siku moja akafunga virago, akahamia ng'ambo ya reli.

Mwinyikondo hakujua la kujitetea mpaka uzeeni, mwalimu mmoja alipomweleza kwamba neno lile lina asili ya Kigiriki, na asili yake ni nguvu. Alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda moja kwa moja kwa Zamaradi.

"Hodi!"

Zamaradi alifungua, akabaki ameshika mlango. "Umefuata nini huku?" alifoka.

"Nimekuja kukwambia maana ya dainamaiti. Ni nguvu, Zamaradi. Ndivyo nilivyokuona. Nyumba yetu ilisimama kwa nguvu zako, ila sikujua kulisema hilo."

Zamaradi aliinamisha uso. Akajibu kwa sauti ya chini, maneno mengi. Mwinyikondo hakusikia hata moja. Milipuko ilikuwa imemharibia masikio, na mtu asipompazia sauti, yeye huona midomo tu ikicheza. Akaona haya kumwomba arudie.

Zamaradi alipomaliza, alimkazia macho, akingoja. Mwinyikondo akaitikia kwa kichwa, bila kujua amekubali nini. Zamaradi akageuka, akaingia ndani polepole, na mlango hakuufunga.