Samaki wa Bwawa la Pili

Samaki wa bwawa la pili walikuwa wamekonda hadi vichwa vikazidi miili. Mtaalamu wa lishe alimpima mmoja, akasoma mizani, akamrudisha majini.

"Usijitese, mdogo wangu," kaka yake alimwambia. "Wamekataa tu. Ndio utafiti huo."

Kaka ndiye aliyemtafutia kazi pale shambani, na kwa miezi sita ndiye aliyechanganya chakula na kuwalisha samaki kwa mkono wake mwenyewe. Bwawa la kwanza lilipewa chakula cha zamani, chenye mafuta ya samaki, ambayo siku hizi ni adimu na mara nyingi huja yameshavunda. La pili likapewa fomula ya dada mtu: mafuta ya alizeti na ya mbegu za kitani.

Huko bwawa la kwanza samaki walinenepa kupindukia. Huku la pili, wafanyakazi walikuwa hawamwachi apumue.

"Dada, hawa wako wanataka kuwa wanamitindo?"

Siku ya Ijumaa dada mtu aliandika barua ya kuacha kazi, akampa kaka aifikishe kwa meneja. Kaka akamkumbatia. "Nyumbani kupo. Mimi nipo."

Jumatatu asubuhi alikuwa akifunga mizigo yake, simu ikaita. Maabara, alikopeleka sampuli za minofu ya samaki.

"Lebo zako ulizibandika sawasawa? Minofu ya bwawa la pili inaonyesha walilishwa mafuta ya samaki. Ya mimea tumeyakuta kwa wale wanono, wa bwawa la kwanza."

Aliketi kitandani. Kisha akacheka peke yake kama mwehu. Magunia yalichanganyika! Kaka wa watu, bila miwani hasomi hata jina lake. Miezi sita analisha kinyume, halafu anambembeleza mwenzake!

Alitoka mbio na ndala miguuni, akipanga njia nzima jinsi atakavyomtania, na jinsi watakavyomwomba meneja airudishe ile barua.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani, meneja na wageni wawili walikuwa wamemkazia macho kaka, aliyesimama mbele yao amevaa suti.

"Dada yangu alijitahidi, maskini," alikuwa akisema. "Yake mmeiona wenyewe. Lakini bwawa la kwanza, tangu siku ya kwanza, nimelilisha kimyakimya fomula yangu mimi. Mafuta ya mimea matupu."