Ripoti ya Vidole vya Arkana

Tangu ripoti ya vidole ifike, hakuna mtu nyumbani kwa Retno aliyeruhusiwa kumwambia Arkana "hapana".

Asubuhi hiyo mtoto, miaka yake mitano, alikuwa amesimama juu ya meza ya chakula, akiwamwagia samaki wa baba yake, wa kwenye tangi la kioo, uji wa mchele wenye kuku na pilipili.

"Anafanya utafiti," Retno akamwambia mumewe.

"Anaua samaki wangu," akasema Hendarto.

"Ripoti inasema ni mtafiti. Kabishane na ripoti."

Ripoti yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye friji, kurasa mbili za rangi. Ilitoka kwenye kituo kimoja cha ghorofa ya tatu, ndani ya duka kubwa la jijini Surabaya, ambako mashine husoma vidole vya mtoto na kukwambia alizaliwa na nini. Arkana, kwa mujibu wa vidole vyake kumi, alizaliwa na kumbukumbu ya ajabu, kichwa cha hesabu, na kipaji cha kutuliza watu waliokasirika. Retno alikwishaisoma kwa sauti kwenye upatu wa akina mama, mara mbili, maana mara ya kwanza kuna waliokuwa wanatafuna.

"Hesabu kaitoa kwa marehemu baba yangu," alipenda kusema. "Kumbukumbu ni yangu mimi. Hizi kelele ndizo za kwenu, Hendarto. Usinitazame hivyo! Mama yako anagombana mpaka na muuza tempe za soya."

Kwamba Arkana alikuwa hajafaulu kuhesabu kupita saba halikumsumbua. Watoto wa aina hiyo, alisema, hesabu ndogo zinawachosha.

Kilichomnyima usingizi ni ukurasa wa pili. Kuzaliwa na kipaji hakutoshi, ulisema. Mazingira nayo yana nguvu, na akili ya namna hii itadumaa mtoto akilelewa na watu wenye upeo mdogo. Kila akifika hapo, macho ya Retno yalikwenda yenyewe jikoni, kwa Dada Yem.

Yem alikuwa dada wa kazi kutoka mashambani Ponorogo, aliyeishia darasa la sita, mwaka wa sita sasa humo ndani. Alikwenda sokoni bila karatasi na kurudi na vitu thelathini, hakuna kilichosahaulika. Jumamosi iliyopita Retno na mama mkwe wake walikuwa karibu kuvuana vilemba. Yem akaleta chai, akasema maneno mawili, wote wakaishia kucheka. Lakini hayo ni mambo ya jikoni, nani anayahesabu?

"Mama," Yem akasema, akifuta uji mezani, "ile siku ya vidole kuna kitu nilitaka nikwambie..."

"Dada Yem, tunazungumza hapa."

Siku ile Retno aliikumbuka vizuri, ingawa sehemu kubwa alikuwa nje. Arkana alikunja ngumi, akamng'ata mhudumu mkono, akalia kama anayetahiriwa. Foleni ikaanza kunung'unika. Simu ya Retno ikaita, akamsukumia Yem mtoto, akatoka. Alipomaliza kuongea akarudi, akakuta kimya kizuri na mashine imeshafanya kazi yake.

"Mwisho wa mwezi Yem aondoke," akamwambia mumewe. "Ninatafuta mwenye diploma."

Hendarto akaweka kijiko chini. "Binti yake kabakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Anayemsomesha ni Yem peke yake. Ukimtoa sasa, yule mtoto anarudi shambani."

"Kwa hiyo binti wa watu asome, akili ya mwanangu ioze?"

"Na wewe umejuaje kama upeo wake ni mdogo? Umempima?"

Alisema hivyo kwa hasira tu, masikini. Lakini Retno alisimama, uso umeng'aa.

"Haya, twende akapimwe! Vidole vikisema ana akili, wallahi atakaa nyumba hii mpaka mimi nife, na binti yake nitamsomesha mwenyewe. Vikisema hana, leo leo afungashe."

Kitambaa kikamponyoka Yem mkononi.

"Mama, nakuomba, nisipimwe. Hebu nisikilize kwanza..."

"Umemwona?" Retno akamgeukia mumewe, ameshinda tayari. "Anajijua!"

Saa tano wakawa ghorofa ya tatu, wote wanne. Safari hii alikuwepo mtaalamu mwingine, mama mmoja wa makamo mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Yem aliweka kidole kimoja kimoja kwenye kioo, machozi yanamtoka, akimfikiria mwanawe na ule mwaka mmoja uliobaki. Retno alimwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu aliyekosa basi. Arkana alikuwa anailamba mashine upande wa pili, na hakuna aliyemwambia hapana.

Mtaalamu akatazama kompyuta. Akafuta kioo. Akamwomba Yem arudie, vidole vyote kumi. Akatazama tena, akavua miwani.

"Ni vibaya, eh?" Retno akauliza, akijitahidi asitabasamu. "Sema tu, dada. Sisi hatuogopi ukweli."

"Si vibaya, Mama. Ila kompyuta inakataa kumwandikisha mara ya pili." Akaigeuza ili waone wote. "Vidole hivi tulishavipima mwezi wa pili. Hapa pameandikwa: Arkana, mvulana, miaka mitano."