Upatanisho wa Kibaoni

Waliokuwepo chumbani, huko Kibaoni: Balbina, mwenyekiti wa jumuiya; katekista Fridolin; Omega, jirani wa ukuta kwa ukuta; Edna, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kiberege; na Mariana, mdogo wake Edna na mwenye nyumba, amelala kitandani, shuka limemfika kifuani.

Edna alisimama dirishani, amewapa wote mgongo.

"Nimsamehe?" alifoka. "Mpunga wangu ukiwa unachanua, huyu alibomoa tuta, maji yote yakashukia kwenye majaruba yake. Yeye akajaza magunia, mimi nikavuna mapepe. Na shamba ni la mama mmoja!"

"Tunajua, Edna," alisema Balbina.

"Hamjui! Mliokula ubwabwa wake mtajuaje?"

Omega akaguna. "Na wewe ulikula, dada. Noeli uliletewa sahani."

"Niliwamwagia kuku."

Katekista Fridolin alijifuta jasho. "Mama, hii ni Kwaresima."

"Ninafunga, Katekista. Uji mchana, uji jioni."

"Unafunga chakula. Hasira unaila kila siku."

"Kwa sababu ndiyo pekee niliyovuna!"

Omega hakuvumilia tena. "Tangu Jumatano ya Majivu homa ikimpanda alikuwa akikutaja wewe. Mimi mwenyewe nilipanda bodaboda nikakufuata hadi Kiberege. Hakutaka kingine, alitaka uje umwone."

"Nimekuja."

"Umekuja, lakini hujamwona. Tangu uingie unatazama dirisha."

Maneno hayo yalimchoma. Edna aligeuka kwa kishindo, akakiendea kitanda, kidole mbele.

"Haya, nakutazama! Sema sasa, mbele ya mashahidi: nani alibomoa tuta?"

Mariana hakujibu.

"Mnaona? Ndiyo tabia yake! Tangu utoto, akishikwa na kosa ananyamaza, mama ananigeukia mimi!"

Edna alibaki amenyoosha kidole, akimtazama mdogo wake kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Kwa muda wote huo moyoni mwake alikuwa akigombana na mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, aliyesimama juu ya tuta na jembe begani. Mwanamke huyo hakuwepo kitandani. Palikuwa na viganja vyembamba vilivyobaki mifupa, na kipaji cha uso kilichofanana kabisa na cha kwake.

Kidole kikashuka chenyewe.

"Mjinga," alisema kwa hasira. "Mjinga sana wewe." Hakuna aliyejua alimwambia nani.

Balbina alitaka kumshika bega. Edna aliusukuma mkono wake, akaufungua mlango kwa nguvu. Uani watu walikuwa wamejaa.

"Nisikilizeni wote," alisema kwa ukali uleule. "Pasheni maji. Na hao akina mama mliowapanga wakae chini, na wenye jeneza wasubiri hukohuko nje. Mdogo wangu namwosha mimi."