Wekundu wa Kanga ya Mwalimu Mboni

Mwalimu Mboni aliingia ofisi ya mtaa, Raskazone, amejitanda kanga ile ile nyekundu aliyoshtakiwa nayo. Watu wakaguna. Mwenye hoteli, aliyeketi mbele pamoja na mlinzi wake Ernesti, alicheka puani. Tangu lini mwizi akaja barazani na kuku aliyemwiba kwapani?

Shitaka lilikuwa fupi. Uzio wa waya wa hoteli, ulioziba njia ya kwenda pwani, ulikuwa umekatwa alfajiri kungali giza, na Ernesti alisema amemwona mkataji. Ikithibitika ni Mboni, kazi yake ya kufundisha kemia imekwisha.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," alisema Ernesti. "Alijifunika uso, lakini kanga ndiyo hiyo. Nyekundu kama damu! Jana yake mchana si alikuja nayo getini kunitukana?"

"Nilikuuliza bahari mmeinunua lini," alisema Mboni. "Kama hilo ni tusi, basi nakutukana tena."

Akina mama wachokoa pweza, waliojazana ukutani, walipiga vigelegele. Kwa ajili ya uzio ule walikuwa wakizunguka mwendo mrefu na ndoo zao kichwani, na hakuna aliyewasikiliza. Mzee Abdulghani, mwenyekiti wa mtaa, akagonga meza.

"Mwalimu, nijibu moja tu. Ulikata, hukukata?"

"Mzee wangu, mimi siye niliyesema nimeona. Niruhusu nimuulize aliyeona."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Ernesti, pale ulipomwona palikuwa na taa gani?"

"Ile ya manjano ya nguzoni, ya zamani. Hakuna nyingine."

"Tochi?"

"Betri zilikuwa zimekwisha."

"Na wekundu ukauona?"

"Haki ya Mungu niliuona!"

Mboni akaomba mlango na madirisha vifungwe. Gizani akatoa mkobani kisahani, pamba, spiriti na chumvi ya kupikia, akachanganya, akawasha kiberiti. Moto wa manjano ukapanda. Nyuso zote mle ndani zikapauka kama za maiti, mtoto mmoja akaanza kulia.

Mboni akaikunjua kanga mbele ya ule moto. "Mzee, hii rangi gani?"

Mzee Abdulghani alisogea, akavua miwani, akaivaa tena. "Nyeusi. Subhanallah!"

"Chumvi ina sodiamu, na taa ile ya nguzoni imejaa mvuke wa sodiamu hiyo hiyo. Ndani ya atomi yake elektroni zimepangwa kwa ngazi. Uichokoze kwa moto, uichokoze kwa umeme, elektroni ya nje itapanda ngazi, na ikishuka itatoa mwanga. Mwanga wenyewe ni manjano, basi. Wekundu haumo. Sasa kanga itawarudishia wekundu ambao haikupewa?"

Madirisha yakafunguliwa, kanga ikawa nyekundu tena. Ernesti alikuwa akiitazama kama anayetazama nyoka.

"Lakini mchana ilikuwa nyekundu," alisema taratibu.

"Mchana, ndiyo. Wekundu wa mchana ndio uliobaki kichwani mwako, kaka yangu. Hukuona, umekumbuka."

Mwenye hoteli akaanza kufoka. Mzee Abdulghani alimnyamazisha kwa kiganja.

"Shahidi aliyeona rangi isiyokuwepo si shahidi. Shauri limekwisha. Na lile tundu la uzio lisizibwe mpaka nione karatasi inayokuruhusu kufunga njia ya watu."

Mwenye hoteli aliondoka bila kuaga. Akina mama wakambeba Mboni juu juu hadi uani, ndoo zikigongwa kama ngoma. Mzee alimfuata polepole na fimbo yake.

"Mwanangu, hayo ya kanga nyekundu kugeuka nyeusi yamo vitabuni kweli?"

"Yamo, Mzee wangu. Miaka mingi nayafundisha."

Miaka mingi aliyafundisha, lakini hakuyaamini sawasawa mpaka alfajiri ile, alipochutama chini ya taa ya nguzoni na koleo mkononi. Aliposikia mlinzi anakuja, alitupa jicho kifuani, akaiona kanga yake nyeusi tii, akaendelea kukata.