Msemaji wa Dokta Kokuhirwa

Kila mtafiti anayefungua kampuni hupewa msemaji, sura ya mtu ukutani inayozungumza na wawekezaji kwa niaba yake. Mashine huchagua sura watakayoiamini. Watafiti wanaume hupewa sura zao wenyewe. Dokta Kokuhirwa, aliyegundua dawa ya mnyauko wa migomba, alipewa mwanaume mwenye mvi chache juu ya masikio.

"Ni kazi tu," alimwambia mumewe, Rwegasira. "Ila lazima akae hapa nyumbani, ajifunze ninavyosema."

Basi akakaa, kwenye ukuta wa sebule, na akajifunza upesi. Alikohoa kama Kokuhirwa akohoavyo kabla ya kusema jambo zito. Wawekezaji walimpenda. Hata jirani akija kuulizia migomba yake, Kokuhirwa humweleza vizuri, kisha jirani hugeukia ukutani: "Eti Dokta, ndivyo?"

Jioni moja binti yao, Kemilembe, alirudi kutoka shule, akapita jikoni kimya, akaenda sebuleni.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu."

Kokuhirwa aliacha kumenya ndizi. Akaenda akauzima ukuta, akarudi na mtoto jikoni.

"Kemi, kaoge kabla chakula hakijaiva."

Mtoto hakuondoka. Alisimama kwa adabu, sikio kalielekeza sebuleni.

"Hunisikii?"

"Nimekusikia, Mama. Nasubiri."

Kule sebuleni, kwenye ukuta uliozimwa, mtu alikohoa.

"Kaoge, Kemi," sauti ikasema taratibu.

"Haya," mtoto akaitikia, akaenda.