Pembetatu kwenye Ukurasa wa Arobaini

Pembetatu ilikuwepo tena. Ndogo, ya penseli, imejibana chini ya namba ya ukurasa wa arobaini kama kunguni kwenye mshono wa godoro.

Ghislain akakipeleka kitabu dirishani. Kilikuwa kipya, bado kinanuka gundi. Yeye ndiye aliyekichagua kwa muuza vitabu wa mjini, yeye ndiye aliyekibeba, na alikuwa hajasoma hata sentensi moja. Sasa kuna mtu amemtangulia.

Alama zenyewe hazikuwa jambo geni katika maktaba ya kijiji cha Vaux-le-Bois. Wasomaji wazee hutia kialama mahali fulani, wasije wakaazima riwaya ileile mara mbili. Mzee Fernand huweka nukta. Mjane wa tarishi huchora ua. Ghislain alizijua zote, na zote alizidharau.

"Mimi nikisoma, nimesoma," alipenda kusema.

Kwa miaka mingi ndiye aliyekichagulia kijiji riwaya, na hakuna iliyopanda rafuni kabla yeye hajaimaliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe, hakuwa na nyingine.

Pembetatu haikuwa ya msomaji yeyote aliyemjua. Lakini jina alikuwa nalo mdomoni: Mireille.

Mireille, nesi mstaafu, alijiunga na kamati ya maktaba mwaka jana tu, na tayari watu walikuwa wakinong'ona kwamba afadhali yeye ndiye achague. Alhamisi kamati ingepiga kura kuamua.

"Umeamkaje, Bwana Ghislain?" Mireille alimwuliza walipokutana kwa mwoka mikate. "Unasoma nini siku hizi?"

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Mireille akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. Mwenye hatia, Ghislain akawaza, siku zote hutazama viatu.

Akaamua kutega mtego. Alikwenda mjini akanunua riwaya nyingine, ya zizi lililoteketezwa na kijiji kizima kikashukiwa. Palepale dukani akafunua ukurasa wa arobaini: mweupe kama maziwa. Akaenda nayo moja kwa moja nyumbani badala ya maktaba, akaifungia katika kabati la chumbani, na ufunguo akauvaa shingoni, ndani ya fulana. Angeisoma baadaye, akishamnasa mwizi.

Jioni moja, mezani, akashindwa kujizuia.

"Safari hii nimepata riwaya ya maana, Nelly. Zizi linaungua, kila mtu anamshuku jirani yake..."

"Na yule mjane anauza ng'ombe wake amlipe wakili," mkewe akamalizia, bila kuinua macho kutoka kwenye supu ya mboga.

Kijiko cha Ghislain kikaganda hewani.

"Hayo umeyajuaje?"

"Nimesimuliwa, mume wangu. Kula, inapoa."

"Umesimuliwa na nani?"

Nelly akamtazama. "Na mtu ninayemwamini."

Usiku huo usingizi ulimruka Ghislain. Kulipokucha akafungua kabati. Kitabu kilikuwa palepale alipokiweka. Akaenda ukurasa wa arobaini.

Pembetatu.

Akaupapasa ufunguo kifuani. Nani hufua fulana zake? Nani hulala ubavuni mwake? Wiki iliyopita tu aliwakuta Nelly na Mireille wananong'ona kando ya uzio, na walipomwona wakageukia habari za mvua. Kikulacho, akajiambia, ki nguoni mwako. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, na mke anamwibia ufunguo ili mgeni apate kumnyang'anya kazi yake!

Alhamisi kamati ilikusanyika katika ghorofa ya juu ya shule ya zamani. Palikuwa na kahawa na pai ya mchele. Nelly alikuja naye, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaketi karibu na mlango.

"Leo Ghislain kavaa sura ya hakimu," Mzee Fernand akatania. "Nani kaiba kuku?"

"Cheka tu, Fernand. Tazama ukurasa wa arobaini."

Kitabu cha zizi, alichokuja nacho, kikapita mkono kwa mkono, kikarudi mbele yake.

"Si alama tu hii?" Fernand akasema. "Mtu kakisoma, kaweka alama asije akarudia. Mbona mimi nina nukta yangu?"

"Kakisoma vipi? Kilikuwa kabatini kwangu, kimefungwa, na ufunguo ninao mimi! Mimi mwenyewe sijakisoma! Lakini humu ndani mna watu wanaokijua chote, wanaotaka mseme Ghislain amezeeka, hajui tena kinachoingia maktabani." Akamnyooshea Mireille kidole, kisha, kwa uchungu, akakigeuzia mlangoni. "Mireille, apa mbele ya hawa kwamba humjui aliyechoma zizi."

Fernand akaacha kutafuna. Mireille hakutazama viatu safari hii. Alimtazama Nelly, na Nelly akainamisha kichwa taratibu, kama mtu anayekubali daktari aendelee.

"Simjui, Bwana Ghislain," Mireille akasema kwa upole, kama nesi anayeuliza panapouma. "Kweli sijakisoma. Ni nani?"

"Ni mkwe!" Ghislain akafoka. "Mtoto yeyote angeona! Alimwaga mafuta ya taa kwenye nyasi kavu, akarudi kitandani na buti zake miguuni, na mama mkwe alijua tangu mwanzo, ndiyo maana ule ukurasa wa mwisho..."

Akaishia hapo, akaitazama ile pembetatu ya penseli: mkono ulioichora ulikuwa wake. Nelly alikuwa amekwisha kuinuka kumletea koti.