Kerezo Lisilosikika

Godoro la marehemu mkewe Fundi alilikata kwa kisu cha jikoni, vipande vinne, akavikandika ukutani kama anayeziba matundu ya panya.

Chini ya miguu ya meza ya mashine alitandika mpira wa tairi kuukuu. Kwenye rafu ya chini akapanga mifuko mitatu ya mchanga, aliyoipandisha mwenyewe ngazi kwa ngazi hadi ghorofa ya nne. Lifti ilikufa kabla ya mkewe, na wakubwa wa jengo hawajaizika wala kuifufua. Siku ya kupelekwa hospitali mkewe aliteremshwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, kila kona ya ngazi akiomba wapumzike. Hilo Fundi hakulisahau.

Mlangoni akatundika mablanketi mawili. Dirisha akaliziba kwa zulia. Kisha akaweka bakuli la maji sakafuni, karibu na meza. Maji yakitikisika, sauti inashuka chini. Na ikishuka chini, kwisha habari yake.

Maana chini alikaa yule mama wa ghorofa ya tatu. Kila siku saa nne asubuhi Fundi akiwasha kerezo lake dogo, mashine ya kuzungushia na kuchongea mbao, kabla mkanda haujashika kasi, mpini wa ufagio unagonga dari la huko: ko, ko, ko. Mara tatu. Hazipungui, hazizidi.

"Hata ugomvi anaugawa kwa kipimo," Fundi alizoea kusema, peke yake, kwa kuwa hakubaki mtu wa kumwambia.

Na huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa mkewe! Miezi yote ya ugonjwa alikuwa akija kunywa chai pale kitandani. Fundi akiingia, wanawake wawili kimya, wanatazama vikombe. Leo mwenzake yuko kaburini, yeye anapigisha ufagio. Wakikutana ngazini humwita "shemeji", tena kwa sauti laini. "Shemeji, leo ulichelewa kidogo kuanza, eh?" Fundi hupita kama hakusikia.

Karatasi ilibandikwa chini, karibu na mlango mkubwa. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, mara mbili: mpangaji atakayelalamikiwa mara tatu kwa kelele, atahama. Kubandika karatasi wanajua. Balbu ya ngazini je?

Na msimamizi wa jengo naye alianza mambo. Kila jioni lazima agonge.

"Fundi, upo?"

"Unaniona sipo?"

"Basi vizuri." Anatabasamu, anashuka zake.

Vizuri nini? Mtu haulizwi kila siku kama yupo, ila anapimiwa siku ya kutupiwa vyombo nje. Na akitolewa hapa, nani atampangishia mzee na mashine yake? Kerezo litauzwa. Bila kerezo angefanya nini na hii mikono? Mkewe mwenyewe, pumzi zikihesabika, alimwambia kutoka chumba cha pili: "Usilizime, mume wangu. Nikilisikia najua upo."

Leo Fundi hakuharakisha. Gogo alilipunguza pembe kwa shoka kwanza, lisije likarusha meza. Akalibana, akalizungusha kwa mkono, akasikiliza. Akasukuma komeo la mlango wa nje, akarudi, akashusha mablanketi nyuma yake.

Saa nne kamili akawasha, mwendo wa chini.

Akasimama kama mwizi, jicho kwenye bakuli, sikio sakafuni.

Maji yametulia.

Akangoja ko ya kwanza. Haikuja. Akahesabu hadi mia. Kimya.

"Gonga sasa, bibi wee!" akanong'ona, akacheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe. Hakuwa amekisikia tangu mazishi.

Akachukua patasi. Maranda yakaanza kumwagika, marefu, meupe, yakimfunika viatu. Gogo likatoa kiuno, kisha shingo. Akasahau saa. Akasahau na karatasi yao.

Alipoinama kufuta jasho, akaona maji yanatikisika.

Akazima mashine. Gogo likazunguka, likachoka, likasimama. Maji bado yanatikisika. Duara dogo likifuatwa na jingine, kwa nguvu zaidi.

Akainua blanketi. Kelele zikamvaa usoni: mlango wa nje ulikuwa unapigwa nyundo.

"Ongeza! Komeo linalegea!" Sauti ya msimamizi.

"Niachie mimi!" Sauti ya mwenyekiti wa jengo, mwenyewe, yule asiyepandaga ngazi hata kwa msiba.

Kumbe hawangoji hata malalamiko matatu. Fundi akajibana mbele ya kerezo lake, patasi mkononi.

Mlango ukaanguka ndani pamoja na msimamizi. Mwenyekiti akafuata, anahema, nyundo inaning'inia.

"Atakayeligusa," Fundi alisema, patasi juu, "atakayeligusa kerezo langu..."

Hakuna aliyelitazama kerezo. Mama wa ghorofa ya tatu aliwapita wote wawili, pekupeku, ufagio bado mkononi. Hakuiogopa patasi. Alimshika Fundi mashavu, akampapasa paji la uso, mabega, kifua.

"U mzima! Shemeji, u mzima! Saa nne imepita, saa tano imepita, nimesimama na ufagio wangu, sisikii kitu!" Akajikalia chini kwenye maranda, akalia kwa sauti. "Mkeo aliniachia neno, akasema: 'Ukilisikia kerezo, mgongee mara tatu, ajue hayuko peke yake. Siku usipolisikia, usipige hodi. Vunja.'"